Malalamiko Dhidi ya Bawabu Tufani wa Ghorofa ya Pili

Duka la Vifungo, Zipu na Nyuzi,
Ghorofa ya Chini,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumatatu, wateja hawajaanza kuja.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wetu,

YAH: OMBI LA KUFUNGWA KWA MCHEZO WA DADU NA HADITHI, NA KUONDOLEWA MTAANI KWA MTU AITWAYE BAWABU TUFANI

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Hujambo, na nyumbani hawajambo? Natumaini mguu umepona tangu Jumamosi ile ya usafi ulipotumbukia mtaroni ukituonyesha namna ya kuuzibua.

Mimi ni Sadalla Uwesu, muuza vifungo, umri miaka sitini na moja. Nimekaa mtaa huu miaka thelathini na minne na sijakuletea shauri isipokuwa lile la jogoo, ambalo nilishinda. Leo nimekuja na zito zaidi.

Kwanza nieleze kuhusu mwandiko. Mwandiko wangu hausomwi na mtu, hata mimi mwenyewe siusomi wino ukishakauka. Kwa hiyo tangu tuoane, barua zangu zote hunakiliwa na mke wangu Badria, ambaye herufi zake zimenyooka kama zimepigwa pasi. Rasimu naiacha juu ya friji, nikirudi nakuta nakala safi, nasaini bila kusoma kwa sababu miwani yangu hulala dukani. Utaratibu huo haujasimama hata sasa, ambapo mimi na yeye hatusemeshani. (Miezi sita na siku kumi na moja. Mnakili.)

Chanzo cha kutosemeshana ni kidogo mno. Mwezi wa Shaabani nilikuwa nasafisha stoo nipate nafasi ya maboksi ya zipu. Huko nyuma gizani palikuwa na cherehani kuukuu, vumbi tupu, haijashona kitu kwa miaka. Nikampa fundi mmoja wa Buguruni, akashukuru, akaibeba. Kumbe ilikuwa ya marehemu mama mkwe. Badria hakupiga kelele. Alisema "Sawa," na tangu sawa hiyo hajanisemesha. Akiwa na neno anamwambia paka: "Mwambie baba yako chai tayari." Na paka, kama unavyowajua, hafikishi ujumbe. (Anafikisha. Mnakili.) Siku ya Idi nilipata ujumbe wa simu kutoka chumba cha pili: "Idi njema. Chumvi imekwisha." Mimi nami ni mwanamume, nikaona nirekebishe mambo kimyakimya. Nikaleta mashuka mapya. Nikabadilisha balbu ya jikoni. Mashuka yalitandikwa, balbu ikawashwa, neno hakuna.

Hayo ni ya nyumbani na hayahusiani kabisa na shauri hili. Nimeyataja upate picha tu.

Sasa shauri lenyewe. Jirani yangu, Mzee Chandu muuza viungo, ana binti aitwaye Nirali, mwalimu wa hesabu, mwenye adabu zake. Miezi mitatu iliyopita alibandika karatasi ngazini: WAGENI KARIBUNI. MCHEZO WA HADITHI. KILA JUMAPILI SAA NANE MCHANA, ROSHANI YA GHOROFA YA PILI. HUHITAJI KUJUA CHOCHOTE. Ndugu Mwenyekiti, hapa Kariakoo, tangazo la "huhitaji kujua chochote" lilishamletea nani heri? Nikapanda kuchunguza. Na harufu ya bajia nayo ilikuwa inashuka ngazini, sitaficha.

Mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanazunguka meza. Kete hazipo, karata hazipo. Nirali ndiye msimulizi: anakwambieni mko wapi na mmekutana na nini. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi, naye anasema mtu wake anafanya nini. Likiwa ni jambo la mashaka, unarusha dadu ya pande ishirini. Ikija namba kubwa umefaulu, ikija moja umeumbuka. Niliuliza mara tatu nani anashinda. Mara zote tatu nikajibiwa hakuna anayeshinda, na hapo ndipo nilipojua kwamba pana jambo.

Mgeni huulizwa maswali matatu tu: mtu wako ni nani, anajua kazi gani, na anataka nini. Mimi nilimbuni Bawabu Tufani, mlinzi wa geti la kivuko, kwa sababu utotoni nikipelekwa Magogoni nilikuwa namwonea wivu yule mwenye geti. Watu wote na haraka zao, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wanamngoja yeye. Swali la tatu nililijibu kwa penseli, nikalifunika kwa kiganja. Nilipoinua macho nikaona nani amekaa upande wa pili wa meza? Badria. Alishafika kabla yangu. Yeye alikuwa Mwindaji Yakuti, mwanamke wa porini mwenye upinde, asiyemwogopa mtu yeyote, jambo ambalo halikuhitaji ubunifu mwingi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wageni wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakuwaona wageni wa Nirali. Siku ya kwanza alitupeleka kwa mhunzi kila mtu achukue upanga wake, halafu safari ianze. Tatu, mama lishe wa pale kona, akaomba aone upanga wa rangi nyingine. Akaletewa. Akaugeuza, akaukwaruza kwa ukucha, akasema, "Ngoja nizunguke kwanza, nitarudi." Na sisi wote tukazunguka. Nirali masikini ya Mungu akalazimika kubuni wahunzi kumi na watatu, na Jumapili mbili zikaisha hatujatoka sokoni. Tulirudi kwa yule wa kwanza.

Tulipofika msituni, Tatu akainjika sufuria. Mazimwi yaliyokuwa yatuvamie yakapanga foleni ya pilau, na sasa yapo mawili yanayolalamika kwamba kachumbari haitoshi. Shaibu naye, mpagazi wa mkokoteni unayemjua, alikataa katakata kuingia kwenye hadithi bila mkokoteni wake. Pangoni, mahali pa kunyata na kuzuia pumzi, yeye anapiga kelele: "Pisha, pisha! Mzigo huo! Angalia mguu, mzee!" Popo wote waliamka.

2. Mzee Chandu. Huyu ni mtu mpole kiasi kwamba akijikwaa kwenye ngazi anaiomba ngazi samahani. Funguo zangu za duka zimelala kwake miaka thelathini. Kwenye mchezo amekuwa Jambazi Kisiki, mwizi sugu, na wizi umemkaa. Ameniibia kofia. Ameniibia filimbi ya geti. Jumapili ya tano Bawabu Tufani alilala kidogo tu chini ya mti, akaamka peku. Nilimwambia, Mzee Chandu, hata viatu? Akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Nitamwachiaje funguo mtu wa namna hii?

3. Hili nimelifuta. (Amelifuta vibaya, linasomeka. Lilisema bajia ni chache. Mnakili.)

4. Joka. Nirali alituandalia joka lenye umri wa miaka mia tisa, lililolala juu ya hazina. Alijipanga. Alizima feni ili tutoke jasho, akabadilisha sauti, akasema joka limefumbua jicho moja, mnafanya nini? Shaibu alishainua mkuki. Lakini Tatu ana malezi yake, na alichosikia yeye ni kwamba mbele yake yupo mtu wa miaka mia tisa. Akasema, "Shikamoo."

Ndugu Mwenyekiti, binti wa watu angefanya nini? Shikamoo haiachwi ikining'inia hewani. Akaitika: "Marahaba. Hamjambo, wanangu?" Na sisi tukajibu hatujambo, tukaliamkia mmoja mmoja mpaka mwisho wa meza. Hapo vita ikafa. Mtu uliyempa shikamoo akaitika, unamchomaje mkuki? Unaanzia wapi? Tangu siku hiyo tunaenda pangoni kumjulia hali. Ameuliza habari za wajukuu. Amesema Shaibu aoe. Hazina hatujaigusa, maana huwezi kuingia kwa mtu mzima ukaanza kumfungulia masanduku.

5. Vifungo. Watu wetu mezani wanawakilishwa na vifungo vilivyotoka dukani kwangu. Joka ni kifungo kikubwa cheusi cha koti. Wiki iliyopita alikuja fundi anataka sita vinavyofanana. Nilikuwa navyo vitano, cha sita ni joka. Nikamwambia hakuna, kwa sababu sikuona namna ya kumshona mzee kwenye koti la mtu.

6. Dadu. Nirali alinipa yangu, naibeba kwenye mfuko wa shati, na sasa siwezi kuamua jambo bila kuirusha. Mteja aliuliza kama zipu ya kahawia inafaa kwa suruali yake. Nikarusha, ikaja mbili, nikamwambia haifai. Akaondoka. Ilikuwa inafaa kabisa.

7. Sasa nafika kwa Bawabu Tufani, na hapa naomba uondoe mtu mwingine yeyote aliyemo ofisini.

Mke wangu anamsemesha mwanamume huyo. Anamsemesha vizuri. Mwindaji Yakuti alimuuliza kama amelala salama. Alimwambia upepo wa getini ni mkali, ajifunike, akamgawia nusu ya asali yake. Bawabu Tufani alipomsimulia kichekesho cha mbuzi aliyepanda pantoni, Yakuti alicheka hadi akashika meza. Kichekesho hicho ni changu. Nilimsimulia mwaka tuliooana, hakucheka. (Nilicheka moyoni. Nilikuwa bibi harusi. Mnakili.) Saa kumi na moja mchezo unaisha, tunashuka ngazi wawili kwenda kwetu ghorofa ya kwanza, kimya. Tukifika anamwambia paka afunge dirisha.

Nimefanya uchunguzi wangu. Bawabu Tufani hana kitambulisho. Hayumo kwenye daftari la wakazi. Hajulikani ametokea mkoa gani, hana mdhamini, hana kazi nyingine zaidi ya geti ambalo nalo halipo. Mtu wa hivyo anakaa vipi mtaani kwetu miezi mitatu, anakula bajia na kuchekewa na wake za watu, wakati sisi tuliojiandikisha tunasalimiwa kupitia paka?

Utasema, Sadalla, lakini Bawabu Tufani si ni wewe? Ndugu Mwenyekiti, ubaya wake uko hapo hapo. Angekuwa mtu baki ningemvizia ngazini tukamalizana. Huyu nimvizie wapi? Anavaa shati langu la Jumapili. Anatafuna kwa meno yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hata nguo hatujagawana naye. Jumatatu moja nilijaribu ujanja. Nikasimama mlangoni mwa jikoni, nikasema kwa sauti yake: "Nani anapita getini kwangu?" Badria akageuka. Nikangoja. Kisha nikaona aibu, nikauliza kama kuna sukari. (Nami nilikuwa nangoja. Mnakili.)

8. Mkia. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jumapili hii, yaani jana, tulikuwa pangoni kama kawaida, tumemletea mzee uji. Nirali akasema kuna giza, Bawabu Tufani anapita nyuma ya joka, arushe dadu. Nikarusha. Ikaja moja. Nikawa nimemkanyaga mzee mkia, na joka likanyanyuka lote, kichwa kikagusa dari, likauliza ni nani huyo. Meza nzima ikanitazama. Basi nikasimama, kwa sababu mbele ya mtu mzima huombi radhi umekaa, nikasema:

"Nisamehe, mzee wangu. Nimekanyaga kitu chako bila kukuuliza. Kilikuwa gizani, kimya, nikadhani hakina mwenyewe. Kosa ni langu, si la giza."

Maneno yalitoka yenyewe, sijui yalikuwa yamekaa wapi. Joka lilitulia, likasema yamekwisha. Mzee Chandu alinirudishia kiatu kimoja. Lakini Badria aliweka penseli chini. Akainuka, akakusanya vikombe, hata cha Shaibu ambacho kilikuwa bado na chai, akaenda navyo jikoni kwa Mzee Chandu, na hakurudi mezani. Tulisikia maji ya bomba tu. Sikuelewa. Nimefikiri usiku kucha na bado sielewi, kwenye mkia wa joka pana nini cha kumwondoa mtu mezani?

Tangu hapo hata Bawabu Tufani hasemeshwi. Nikwambie ukweli, Ndugu Mwenyekiti, nimekuwa namchukia yule bwana, lakini kila Jumapili kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nilikuwa nasikia sauti ya mke wangu ikinielekea. Haikuwa inaniita mimi, lakini ilikuwa inakuja upande wangu. Sasa sina hata hiyo. Mchezo ukifungwa na Serikali, utakuwa umefungwa na Serikali, mtu hana la kufanya. Lakini nikipanda Jumapili ijayo nikakuta kile kiti ni kitupu, hilo sitaliweza.

Kwa hiyo naomba:

(a) Mchezo ufungwe kabla ya Jumapili.

(b) Tangazo la ngazini libadilishwe, liwaonye wageni kwamba wataulizwa wanataka nini. Mimi nimeuza vifungo miaka thelathini na minne, kazi yangu ni kuwauliza wengine swali hilo. Kuulizwa mimi, ghafla, na penseli mkononi, si salama.

(c) Bawabu Tufani aitwe ofisini kwako, ahojiwe, na apewe saa ishirini na nne awe ameondoka. Nitamleta mwenyewe.

(d) Kama (c) inashindikana kisheria, basi atuambie anasemaga nini mpaka anachekewa.

Sina zaidi. Wasalimie mama watoto, wajukuu, mjumbe wetu, wale vijana wa ulinzi shirikishi, na mzee anayekaa nje ya ofisi yako ambaye sijawahi kujua anasubiri nini. Mwambie namwelewa.

Wako katika kuujenga mtaa, ngazi kwa ngazi,

Sadalla Uwesu

Nakala: Nirali, ghorofa ya pili (kwa taarifa). Mzee Chandu (pamoja na ombi la kiatu cha pili). Joka (asomewe).

Nyongeza ya mnakili:

Ndugu Mwenyekiti, salaam. Mimi ni Badria, mwenye mwandiko. Nimenakili yote kama yalivyo, hata yasiyo kweli, kwa sababu kazi ni kazi. Na mimi nina machache.

Mchezo usifungwe. Jumapili nipo. Jana nilienda kuosha vikombe kwa sababu nilikuwa nalia, na mtu halii mbele ya wageni.

Cherehani haiko Buguruni. Fundi aliirudisha wiki ile ile aliposikia ni ya marehemu. Iko kwa Tatu, nyuma ya magunia ya mchele, haijapungua hata sindano. Kwa hiyo ninachongoja si cherehani, wala mashuka, wala balbu. Ni neno moja. Miezi sita nilidhani mume wangu halijui, na sasa nina mashahidi wanne na joka kwamba analijua vizuri sana.

Lile swali la tatu alilolifunika nililisoma siku ya kwanza, kiganja chake hakifuniki kitu. Bawabu anataka nini? Ameandika: "Anataka kusemeshwa." Ndiyo maana Yakuti alimsemesha. Sikuwa na uwezo wa kufanya hivyo kwa jina langu, nilikuwa bado nimekasirika.

Barua hii asiisaini bila kusoma. Nimeiweka juu ya friji pamoja na miwani yake. Nimeifuata dukani mwenyewe, paka alikataa. Niko jikoni.

Nyongeza ya pili, kwa mkono wangu:

Ndugu Mwenyekiti, samahani kwa mwandiko. Umeona? Neno lile limetoka lenyewe. Kumbe ukishalifanyia mazoezi kwa joka, si gumu.

Malalamiko yote nayaondoa, isipokuwa la tatu. Bawabu Tufani aandikishwe kwenye daftari la wakazi, anwani yake ni yangu. Jumapili njoo saa nane na penseli yako, kiti tutakutafutia, na ukifika pangoni anza na shikamoo.

Naishia hapa, naenda jikoni. Dadu nimeiacha juu ya friji.